Magunia Arobaini na Nane

Msimbu, Kisarawe
26 Mei 2024

Shangazi Mwanaamina,

Shikamoo. Assalaam alaykum kutoka kwa wote wa nyumba hii, akiwemo Bibi, ambaye ameniamuru niandike kwamba yeye bado yu hai na anakumbuka vizuri kuwa hujakanyaga hapa tangu Idi. Uvimbe wa mguu wake umepungua. Mama hajambo, mbuzi wake amezaa mapacha. Baba amechaguliwa tena kuwa katibu wa chama cha ushirika cha ufuta, kwa hiyo siku hizi anatembea na kalamu mfukoni hata akienda kuoga.

Mimi nimemaliza mtihani wa kidato cha sita salama. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni ya baba, na kila ujumbe unaoingia anausoma kwa sauti nyumba nzima isikie. Barua hii ataileta Tatu, anayepeleka ndimu sokoni Kibaha kila Alhamisi. Ameapa hataifungua.

Shangazi, nataka kusoma uhasibu chuo kikuu, na baba hataki. Anasema mwalimu hakosi darasa na muuguzi hakosi mgonjwa, lakini mhasibu bila ofisi ni nani? Kisha ananyoosha kidole kwa Adam, mtoto wa jirani yetu, aliyepata shahada ya uhasibu miaka minne iliyopita na sasa anaendesha bodaboda. Nilimfuata Adam kijiweni nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia, "Dogo, mtaani kugumu. Nimetuma maombi mpaka mwenye steshenari ananiita mwanahisa. Usaili nimeitwa mara mbili tu."

Wewe ndiye mhasibu pekee katika ukoo wetu. Bibi akikutaja kwa wageni lazima aongeze "Mhasibu Mkuu wa Kibaha". Basi niambie ukweli, kazi zipo au hazipo? Na hiyo CPA ya bodi ya wahasibu, ambayo walimu wetu hawaachi kuitaja, wewe uliipata mwaka gani? Nataka niwe na la kumwambia baba kabla maombi ya vyuo hayajafunguliwa.

Binti yako,
Firdausi Yahya


Mkuza, Kibaha
10 Juni 2024

Firdausi, binti ya kaka yangu,

Marahaba, wa alaykumu salaam. Barua yako ilinifikia Alhamisi ileile. Tatu aliikabidhi akijifanya hajui kilichomo, halafu kabla hajaondoka akaniuliza kama ni kweli mtu anaweza kuwa na shahada na akaendesha bodaboda.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli zangu Dar es Salaam, na niliporudi nilikuwa hoi. Kwangu ni salama. Mpangaji wangu Martina amepata kazi hospitali ya Tumbi, na kuku wangu wa mayai wamefika mia tatu. Mwambie Bibi nitakuja, na mguu auweke juu ya mto akilala, asibishane na daktari.

Sasa nisikilize. Baba yako si mjinga, na Adam hakudanganyi. Wenye shahada ya uhasibu ni wengi kuliko meza za ofisi. Ukisoma miaka mitatu halafu ukakaa barazani kusubiri tangazo la halmashauri, mvi zitakukuta hapohapo. Naona ni bora ulisikie hili kutoka kwangu.

Lakini nani alikuambia kazi yetu inaishia halmashauri? Hapa Mkuza peke yake kuna shule binafsi, maduka ya vifaa vya ujenzi, zahanati, wafugaji, saccos ya walimu. Wote wana mali, na ukiwauliza wana nini hasa, wanakuna kichwa. Nimefundisha vijana wanne kazi hii. Wawili walianza kwa kuwaandalia hesabu za mwezi watu kama hao, na leo wana ofisi yao ya chumba kimoja na wateja hawakauki. Mmoja yuko kampuni ya ukaguzi Dar. Wa nne kaenda Dodoma, serikalini. Hakuna hata mmoja aliyedharau pa kuanzia. Na elewa kwamba shahada ni mlango tu. Baada yake kuna mitihani ya bodi, na aliyeifaulu ndiye anayetia sahihi.

Watakutisha pia kwamba kompyuta imemaliza kazi. Kompyuta inajumlisha, haina ubishi. Ila haiwezi kuingia stoo ikanusa, wala kumuuliza mtu swali huku inamtazama usoni. Mimi niko mwaka wa ishirini na mbili katika kiwanda cha chakula cha kuku, na nakuambia kwa kujidai, halijaingia gunia wala kutoka nisijue. Naipenda kazi yangu, Firdausi. Nikifungua mlango wa ofisi asubuhi najiona mtu.

Zungumza na baba yako kwa adabu. Usimwambie nimesema si mjinga, atavimba kichwa.

Shangazi yako,
Mwanaamina


Msimbu, Kisarawe
24 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Bibi ameweka mguu juu ya mto usiku mmoja, asubuhi akatangaza kwamba mto ule ni wa kulalia kichwa na si vinginevyo. Wengine tuko salama, ingawa nyumba imenuna.

Nilimsomea baba sehemu ya barua yako kuhusu vijana wanne. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao ni wanne. Na wasio na kazi je, kawaandika?" Hukujibu kuhusu CPA yako, au ulisahau?

Lililotuvuruga ni ufuta. Mtunza ghala wetu ni Maige, yule Msukuma aliyehamia hapa na ng'ombe miaka minane iliyopita, mumewe Helena. Yeye ndiye aliyepanga magunia ya wanachama kwenye lundo moja kubwa, akafunika turubai. Baba, kama katibu, alikwenda kulihesabu kabla ya mnada. Magunia nane upande huu, kumi upande ule, kimo sita. Akaandika mia nne na themanini. Namba hiyo ikabandikwa ubaoni na kila mtu akaishika.

Lori la mnunuzi lilipokuja na wapakiaji wake, yakatoka magunia mia nne thelathini na mawili. Arobaini na nane hayapo. Wapakiaji walimaliza kazi yao, wakaondoka.

Mkutano ulikuwa wa kelele tupu. Bi Tunu alisimama akasema Maige kauza ufuta wetu kwa ndugu zake wa Mlandizi. Maige alisema, "Sijachukua," akakaa. Wameamua kwamba mpaka mkutano wa tarehe 20 Julai awe ameyarudisha, la sivyo anakwenda polisi na shamba lake linashikwa na chama. Helena haji tena kuchota maji nasi. Baba hakusema chochote mkutanoni, na nyumbani anakula kidogo.

Shangazi, mimi sioni mwizi katika Maige. Lakini kuona kwangu si ushahidi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Firdausi


Mkuza, Kibaha
4 Julai 2024

Firdausi,

Marahaba. Salamu za nyumba nzima zichukulie zimeshatolewa, nina haraka Tatu asiniache.

Mmemuuliza Maige alipangaje yale magunia? Nimesoma barua yako yote, nimeona mlimuuliza kapeleka wapi. Sijaona mahali mlipomuuliza alipangaje.

Fanya hivi. Kwanza, kamuulize hilo, kwa heshima, nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Pili, jumlisha magunia kutoka kwenye stakabadhi za wakulima. Usitumie kitabu cha ghala, maana kinakaa kwa mshukiwa na watasema kakichezea. Zunguka nyumba kwa nyumba, kila mwanachama akutolee stakabadhi yake mwenyewe. Tatu, uliza kama kuna lundo jingine alilopanga Maige ambalo bado limesimama. Kama lipo, usilipime kwa pembeni. Panda juu. Funua turubai. Chukua mashahidi wawili, na mmoja awe mtu asiyempenda Maige.

Ukishajua, usimwambie mtu mpaka uniandikie.

Kuhusu lile swali lako jingine, karatasi imeisha.

Mwanaamina


Msimbu, Kisarawe
10 Julai 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Karatasi yako ilibaki nusu nzima nyeupe, lakini sitauliza tena.

Bibi hajambo. Mbuzi mmoja kati ya wale mapacha amekufa, Mama amehuzunika. Mimi nimechoka miguu. Nimezunguka nyumba hamsini na tatu kwa siku nne, maana stakabadhi za watu hawa zinakaa ndani ya misahafu, chini ya magodoro, moja nimeikuta imefungia ugoro. Nimejumlisha mara tatu. Magunia yaliyoingia lundo la kwanza yalikuwa mia nne thelathini na mawili. Kama lilivyopakia lori, bila kupungua gunia.

Kwa Maige nilikwenda nikapewa kigoda. Nikamuuliza alipangaje. Akasema, "Ule ufuta uliingia na unyevu, mvua zilikuwa hazijakatika. Ukiubana unachemka, unaoza. Nikauachia nafasi katikati upate pumzi. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya na mazao kwetu."

Nikamuuliza mbona hakusema mkutanoni.

"Waliniuliza nimepeleka wapi, binti. Hakuna aliyeniuliza nimepangaje."

Helena alikuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia. Nami nikalia, sikuweza kujizuia.

Lundo la pili bado lipo, la mnada ujao, na kalipanga vilevile. Nilikwenda na Adam na Bi Tunu. Adam alinipandisha begani, nikafunua turubai. Katikati kuna shimo, magunia mawili kwa manne, kutoka juu mpaka sakafuni. Manane kwa kila tabaka, tabaka sita, jumla arobaini na nane. Adam alipanda naye akachungulia, akakaa juu ya magunia akacheka peke yake. "Hiki kitu tulifundishwa chuoni, kwenye ukaguzi," akasema. "Kilikuja mpaka kwenye mtihani, nikapata A. Kumbe sikuwa nimekielewa." Bi Tunu nimemwomba asiseme mpaka siku ya mkutano, na kwa Bi Tunu hiyo ni funga nyingine ya Ramadhani.

Sasa nakuja kwenye linalonikaba. Hakuna aliyeiba, Shangazi. Baba alizidisha. Kwenye daftari la chama imeandikwa "Imehesabiwa na kuthibitishwa," na chini yake sahihi yake, nzuri, yenye mkia mrefu. Hakupanda juu. Nadhani ameshaanza kushuku mwenyewe, ndiyo maana hali. Nikisimama mkutanoni nikasema, nitakuwa nimemvua nguo baba yangu mbele ya watu waliomchagua. Nikinyamaza, Maige anakwenda polisi. Nampenda baba, na naogopa. Niambie la kufanya, na uniambie mapema.

Firdausi


Mkuza, Kibaha
15 Julai 2024

Firdausi mwanangu,

Marahaba. Kwanza matokeo yako, nimeyaona kwenye simu Jumamosi nikiwa sokoni. Daraja la kwanza, pointi saba! Nilipiga kigelegele mbele ya mafungu ya nyanya na muuzaji akanipunguzia bei akidhani nina harusi. Mungu akuzidishie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimewahi kuwaona watu wenye vyeti vya kujaza ukuta wakishindwa kufanya ulichofanya kwa siku nne. Najivunia wewe, na nalisema bila kuzunguka.

Na sasa nalijibu swali lako la mwezi Mei. Sina CPA. Nilianza kuikalia mitihani ile nikiwa na miaka thelathini na minane. Masomo yote nimeyavuka isipokuwa la kodi. Ile wiki niliyokuambia nilikuwa na shughuli Dar es Salaam, nilikuwa kwenye chumba cha mtihani, pembeni yangu kuna watoto wanaoweza kuwa wanangu. Matokeo yalitoka wiki moja na yako. Nimelifeli tena, mara ya nne.

Cheo changu ni mhasibu msaidizi. Kila mwaka hesabu za kiwanda naziandaa mimi tangu mstari wa kwanza, kisha anakuja mkubwa wangu, aliyezaliwa mimi nikiwa sekondari, anaweka sahihi chini. Ni kijana mwema na ananiheshimu. Lakini akishika kalamu, mimi hutafuta sababu ya kutoka chumbani. Huko Msimbu mkaniita Mhasibu Mkuu, nami nikanyamaza kwa sababu jina lilikuwa tamu. Sikulitunga. Nililikuta, nikaliacha likae. Baba yako naye aliikuta mia nne na themanini imekaa vizuri kwenye karatasi, akaiacha ikae. Sisi ni wa tumbo moja, usishangae.

Usiseme lolote mkutanoni kabla hujasema naye nyumbani. Msubiri ale, mkae wawili, umwonyeshe stakabadhi. Usimlaumu. Halafu mpe barua hii aisome yote, hata hapa niliposema nimefeli. Akiona dada yake ametangulia kusema, hataona aibu sana kufuata.

Akikataa, tarehe 20 utasimama mwenyewe, na mimi nitakuja kukaa nyuma yako. Maige hawezi kulala korokoroni kwa kosa la kuzidisha. Lakini namjua Yahya, sidhani kama atakataa.

Shangazi yako,
Mwanaamina, mhasibu msaidizi


Msimbu, Kisarawe
11 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Bibi anasema marahaba yake utaichukua mwenyewe ukija. Samahani kwa kuchelewa. Tatu alilaza mtoto Tumbi wiki mbili kwa malaria, sasa wamerudi wote wazima, na anashukuru sana kwa chai uliyokuwa ukimpelekea wodini. Anaapa hakukugusia ya mkutano, eti aliniachia nikuandikie mwenyewe.

Nilifanya kama ulivyosema. Baba alipomaliza kula nilimpangia stakabadhi mkekani, nikamweleza, kisha nikampa barua yako. Nilidhani ataisoma kwa sauti kama kawaida yake. Aliisoma kimya, polepole, na alipofika mwisho akarudi mwanzo. Aliikunja akaiweka mfukoni penye kalamu. Akasema, "Mara nne, Mwanaamina!" Akaenda kulala. Siku mbili hakusema nami, na mimi nilijua nimempoteza.

Jumamosi, mwenyekiti alipofungua mkutano tu, baba akasimama. Hakunitazama. Akasema, "Ndugu zangu, nilipima pembeni nikazidisha. Sikupanda juu. Maige hajachukua hata punje. Yale magunia arobaini na nane hayajawahi kuwepo, niliyaandika mimi kwa kalamu hii." Akaitoa, akaiweka mezani, akawaambia wachague katibu mwingine. Kisha akatoka mbele akaenda mpaka alipokaa Maige, akamwomba radhi huku amesimama, na watu wote wanasikia.

Maige alisema, "Katibu, mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo." Halafu akainuka akampa mkono. "Nimekusamehe. Ila siku nyingine niulize."

Bi Tunu naye aliomba radhi, kwa sauti kubwa kama alivyoshtaki. Watu walipoanza kubishana juu ya katibu mpya akawakatisha, "Kalamu arudishiwe mwenyewe. Nani mwingine hapa angesimama akasema vile? Ila kuhesabu apande mtoto." Wakapiga makofi. Lundo la pili nililihesabu mimi pamoja na Adam, na lori lilipokuja halikupungua wala kuzidi. Chama kimempa Adam kazi ya kuweka hesabu zao, siku tatu kwa wiki, na anasema chama cha Maneromango nacho kimemwita. Bodaboda bado anayo, lakini siku hizi anachomekea shati.

Shangazi, siku ile baba alipokuwa amesimama pale mbele, niliona fahari ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilitaka kila mtu ajue kwamba yule ni baba yangu.

Habari zako pia tumemwambia Bibi, ulikuwa umeruhusu barua isomwe. Aliuliza, "Kafeli mara nne, au kakaa mara nne?" Tukamwambia yote mawili. Akasema kuku wake wamekufa kwa mdondo mara nyingi kuliko hizo na bado anafuga, na kwamba Novemba ukirudi kwenye mtihani umpelekee taarifa aombe dua mapema, si kujificha kama mtu anayekwenda kuiba. Jana alipata wageni kutoka Mzenga. Bado anakuita Mhasibu Mkuu wa Kibaha.

Juzi baba alinipeleka Kisarawe mjini kujaza maombi ya chuo. Njia nzima hakugusia ualimu wala uuguzi, na mimi sikuthubutu kuuliza. Steshenari ina dada anaitwa Margareth, ndiye anayewajazia watu kwenye kompyuta. Akaingiza matokeo yangu, akasifia, akauliza chaguo la kwanza. Kabla sijafungua mdomo baba akajibu, "Uhasibu."

Margareth akaacha kuandika. Akamgeukia kwa huruma kabisa, akamwambia, "Mzee wangu, na matokeo mazuri hivi? Wahasibu wamejaa mtaani."

Baba akavuta kiti, akakaa karibu na ile kompyuta aone kila herufi inayoandikwa.

"Waliojaa ni wa kuzidisha," akamwambia. "Huyu wangu anapanda."

Binti yako,
Firdausi